Honi ya Mjomba Makame

Nyumba ya Bibi Mwanakhamisi, nyuma ya soko la Mbeya, haikujua kukaa kimya. Kabla ukungu haujainuka mlimani Loleza, watu wanne watano walikwisha kuketi barazani, wamejifunika mablanketi kwa baridi ya Juni, wakingoja vitumbua. Kahawa ikimiminwa, habari za mji nazo zilimiminwa. Nani ameposa, nani amekataliwa, lori la nani limezama matopeni kule Chimala.

Jaha, mjukuu wa bibi huyo, alikuwa na miaka kumi na miwili, naye alisoma darasa la nne. Kila asubuhi alifagia ua, akapeleka vitumbua barazani, akasikia ya kusikia, kisha akapanda lori la mjomba wake kwenda shule.

Mjomba Makame, kitinda mimba wa Bibi, alikuwa dereva wa tajiri mmoja wa mchele. Mtaa mzima ulimpenda. Akitoka Iringa alileta barua na salamu za watu, na kila salamu aliitia chumvi kidogo ili ikolee. Lakini sifa yake kubwa ilikuwa honi. Pale njia ya sokoni inapoingia barabara kuu hapakusimama askari, basi madereva wa mji walijitungia sheria yao: aliyetangulia kupiga honi ndiye mwenye njia, na aliyechelewa angoje. Honi ya Makame ilinguruma kuliko zote. Alikwisha kuyangojesha malori ya Tukuyu pale, na kila alipolisimulia hilo baraza liliangua kicheko.

Jumanne moja Jaha aliketi kwenye lori katikati ya mjomba wake na utingo, mtu mzima aitwaye Muhidini. Makame alikuwa akisimulia kisa cha bwana harusi wa Chimala aliyekimbiwa na mke kabla ya wali kuiva. Walipofika kwa fundi cherehani, hatua nyingi kabla ya njia panda, aliibana honi, akaiachia ilie kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia Muhidini amalizie kisa chake. Mguu wake haukugusa breki.

Jaha ndiye aliyeiona baiskeli. Ilikuwa kwenye barabara kuu, imebeba magunia mawili ya viazi, na aliyeiendesha ni Yotamu, mkulima wa huko mlimani.

"Mjomba, baiskeli," alisema.

Makame aligeuka amechelewa. Pua ya lori ililigonga gurudumu la nyuma, viazi vikatawanyika barabarani, na Yotamu akaanguka, mguu umekunjika chini yake. Alikuwa akivitazama viazi vyake vikibiringika.

Watu walijaa. Wa kwanza kusema alikuwa Muhidini, akawaambia wote kwamba honi ilipigwa na dunia nzima imeisikia. Yotamu alipelekwa hospitali, na huku nyuma habari zikaanza kunenepa. Adhuhuri ilisemwa kwamba mtu yule hasikii vizuri. Alasiri ikawa alikuwa amelewa. Ilipoadhiniwa magharibi, alikuwa amelala usingizi juu ya baiskeli.

Sajini Kalinga wa polisi alituma neno kwamba kesho yake atakuja njia panda kuuliza maswali. Hapo nyumba nzima ikashika tama. Makosa yakiwa ya Makame, leseni itachukuliwa, na nyumba ile ilikula kwa usukani ule. Yakiwa ya Yotamu, basi mtu yule atakuwa amevunjika mguu, amevunjiwa baiskeli, na bado aitwe mkosaji, huku viazi vyake vikioza mlimani bila wa kuvishusha.

Baada ya chakula Makame alimwita Jaha mbele ya wote.

"Wewe ulikuwa ndani ya lori. Ukiulizwa, sema honi ilipigwa. Sikufundishi uongo. Ilipigwa, haikupigwa?"

"Ilipigwa, mjomba."

"Basi. Jibu unachoulizwa."

"Na nisichoulizwa?"

"Usichoulizwa si chako."

Watu wakacheka. Jaha hakucheka. Aliuliza kama siku hizi honi ndiyo inayosimamisha gari. Kicheko kikakatika. Shangazi mmoja akatupa neno kwamba kumbe wamelea wakili wa watu wa milimani bila kujua. Bibi Mwanakhamisi, ambaye hakuwa mwepesi wa kumkaripia mjukuu, safari hii alimkaripia. Alimwambia ya nyumbani husitiriwa nyumbani, na mtoto anayemvua nguo mjomba wake atabaki uchi yeye mwenyewe.

"Bibi, nitasema yote au sisemi kabisa," Jaha akajibu, akaenda kuosha vyombo.

Kesho yake njia panda ilijaa kama siku ya sikukuu. Sajini Kalinga, mtu mrefu asiyependa maneno mengi, aliuliza swali moja kwa kila mtu: honi ilisikika? Fundi cherehani alisema ilisikika. Mwuza kahawa alisema ilisikika. Muhidini alisema ilisikika hadi Uyole. Watu wanane walijibu hivyo, na hakuna hata mmoja aliyedanganya. Sajini aliandika, akafunga daftari lake. Jaha hakuulizwa, maana alionekana mtoto.

Akatoka mbele. Muhidini alimshika kanga, naye akaivuta.

"Afande, mimi sijaulizwa."

"Haya, binti. Ulisikia honi?"

"Niliisikia. Sasa niulize mjomba alikuwa anatazama wapi."

Jaha alimweleza yote: honi ilipigwa kwa fundi cherehani, kisa cha bwana harusi kilikuwa hakijaisha, mguu haukugusa breki, na Yotamu alikuwa kwenye barabara kuu akijiendea zake. Macho hakuyainamisha. Sajini alitembea kutoka kwa fundi hadi njia panda, akahesabu hatua thelathini na nne. Akainama kutafuta alama za matairi yaliyofungwa breki. Hakuziona.

"Hapa ndivyo tunavyopita, sajini," Makame alisema kwa ukali. "Kila dereva anajua. Mwenye honi ndiye mwenye njia."

"Na mwenye baiskeli anajua? Na mama mwenye mtoto mgongoni? Anayetoka njia ndogo husimama, hutazama kulia na kushoto, huwapisha walio kwenye barabara kuu. Hiyo ndiyo sheria. Honi ni ya kuonya, haikupi barabara." Kisha akamwuliza kama aliyoyasema mtoto ni kweli.

Makame alimtazama Jaha. Jaha naye akamtazama.

"Ni kweli," Makame akasema.

Leseni ilichukuliwa kwa miezi mitatu.

Wiki ile Jaha aliionja baridi iliyoishinda ile ya Juni. Akitokea na sinia, mazungumzo ya barazani yalikatika. Hakukimbia. Alisalimu mmoja mmoja kwa sauti, na asiyemwitikia alimsalimu mara ya pili, hata watu wakaona ni nafuu kuitikia. Makame hakumsemesha kabisa.

Siku ya nane Bibi Mwanakhamisi alijaza bakuli vitumbua, akamwambia mwanawe avae koti waende hospitali kumwona mgonjwa. Huko Yotamu hakuwatukana. Aliuliza jambo moja tu, kama viazi vyake vya mlimani vimeshaoza. Asubuhi yake Makame aliichukua ile baiskeli ya Yotamu iliyovunjika, akaitengeneza kwa mikono yake, akapanda nayo mlimani.

Kutoka siku hiyo yule dereva wa safari za Iringa alionekana akishuka kwa baiskeli na magunia ya Yotamu kuyapeleka sokoni. Baraza lilimcheka mpaka likachoka.

Mchana mmoja Jaha alikuwa akitoka shule alipomwona mjomba wake anakaribia njia panda kwa baiskeli, magunia mawili nyuma. Kwa mbali, njia ya sokoni, lori likapiga honi ndefu na kuendelea kuja. Makame alishuka. Alikwisha kuingia njia panda na mzigo ulikuwa mzito, hakuweza kurudi. Akasimama pale pale, akainua mkono. Breki zikalia, lori likasimama, limebakiza hatua chache. Dereva alitoa kichwa dirishani akamwuliza kama ni kiziwi, honi hakuisikia?

"Nimeisikia," Makame akajibu. "Nilikuwa naingoja breki."

Watu walikwisha kutoka kwenye maduka. Makame alimwona Jaha miongoni mwao, akamwita kwa jina, mara ya kwanza tangu siku ile.

"Sikieni nyote," alisema. "Siku ile watu wanane walisema honi ilipigwa, na ilipigwa kweli. Sote tulisema ile nusu inayotufaa, tukaikalia ile inayotuuma. Nusu ile ilitosha kumtia hatiani mtu aliyelala na mguu uliovunjika. Mtoto huyu ndiye aliyesema nusu ya pili, nami mtu mzima nikamnunia. Mjukuu wa mama yangu, uniwie radhi. Ukiona kosa, useme lote, hata likiwa langu. Hasa likiwa langu."

Dereva wa lori akapiga honi tena, fupi, kuuliza kama hotuba imekwisha.

"Rudi nyuma," Makame akamwambia. "Wewe umetoka njia ndogo. Mimi na viazi vya Yotamu tuko barabara kuu."

Jaha akashika magunia kwa nyuma, akasukuma. Lori likarudi nyuma.