Chafya Nane za Bibi

Kila siku akirudi kutoka shuleni, Chiriku alifanya mambo matatu, na mpangilio wake haukubadilika. Alivua viatu mlangoni, akamwamkia bibi yake jikoni, kisha akaanza kugonga. Aligonga chochote kilichokuwa karibu: meza, ndoo tupu, kifuniko cha sufuria, na siku moja, kwa bahati mbaya, goti la mgeni.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba. Hiyo ndoo imekukosea nini leo?”

“Natafuta mdundo, Bibi.”

“Ukiupata, uuambie nao uje kuosha vyombo.”

Chiriku halikuwa jina lake la daftarini. Alipewa na wenzake darasani, kwa sababu chiriku ni ndege mdogo asiyejua kunyamaza, na binti huyu wa miaka kumi na mitatu alikuwa hivyo hivyo. Akikosa cha kusema aliimba, akikosa cha kuimba alipiga meza. Ndiyo maana alichaguliwa kuongoza klabu ya muziki ya shule. Wengine walisema ilikuwa njia pekee ya kuzipa kelele zake kazi.

Mwaka ule klabu ilishinda mashindano ya nyimbo ya shule za jirani. Zawadi ilitoka kwa mwenye duka la ala za muziki: programu ya kompyuta ya kutengenezea muziki. Lakini zawadi yenyewe ilikuwa na milango miwili, na ukiingia mmoja, mwingine unafungwa. Wangeweza kuchukua Toleo Dogo la programu hiyo, pamoja na maikrofoni nzuri na mguu wake. Au wangechukua Toleo la Kati, bila kitu kingine chochote.

“Mkishachagua mmechagua,” mwenye duka alisema. “Sibadilishi.”

Toleo Dogo lilikuwa na traki nane. Traki ni mstari mmoja wa sauti kwenye skrini. Ngoma unairekodi kwenye mstari wake, filimbi kwenye wake, waimbaji kwenye wao, kisha vyote vinasikika pamoja kama wimbo mmoja. Toleo la Kati lilikuwa na traki thelathini na mbili, na ndani yake mlikuwa na sauti za ala mia tatu, kuanzia kinanda hadi tarumbeta.

Mwalimu wa muziki alikuwa mama mwembamba, aliyeongea taratibu hadi darasa zima likanyamaza ili limsikie. Alimkabidhi Chiriku kompyuta ya shule ikiwa na Toleo Dogo la majaribio ya wiki mbili.

“Tutengenezee humo wimbo wetu wa mahafali,” alimwambia. “Likitosha, tutachukua hilo na maikrofoni. Likikubana, nionyeshe limekubana wapi, tuchukue la kati. Nitafuata utakachonionyesha wewe.”

Mtu akiaminiwa hivyo hutembea kama aliyebeba trei ya mayai. Chiriku alitembea hivyo siku moja. Siku ya pili alifungua matangazo ya Toleo la Kati, akaanza kusikiliza zile ala mia tatu moja baada ya nyingine, na trei ikasahaulika.

“Wimbo umefika wapi?” Besi alimuuliza wakati wa mapumziko. Besi alikuwa rafiki yake tangu darasa la kwanza. Sauti yake ilikuwa imevunjika wakati wa likizo, na sasa akisema “habari” ungedhani kuna mtu anaburuta meza.

“Wimbo unabanwa,” Chiriku akajibu. “Traki nane, ndugu yangu, hata kupumua ni shida.”

“Umeshajaza ngapi?”

“Suala si ngapi.”

“Sawa. Lakini ni ngapi?”

“Besi, nenda ukanywe maji.”

Ukweli ni kwamba alikuwa amejaza moja. Ilikuwa na sekunde arobaini za makofi na kifuniko cha sufuria, alizorekodi jikoni siku ile ya kwanza. Kila alipopata wazo jipya aliliweka akiba: hili nitalifanya kwa tarumbeta ya Toleo la Kati, lile nitalifanya kwa kinanda cha Toleo la Kati. Akawa kama mtu anayekaa na njaa kwa sababu amesikia jiko jipya liko njiani.

Alhamisi ya wiki ya pili ikafika, na kesho yake alitakiwa kumwonyesha mwalimu kazi. Alasiri hiyo Chiriku alikaa mbele ya kompyuta akiwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kumwambia mwalimu kwamba hajafanya kitu. Aliitazama njia hiyo kwa muda, akaiona ina miiba mingi. Ya pili aliigundua kwa kidole. Alibonyeza ile traki yake, akabonyeza “nakili”, halafu “bandika”. Traki zikawa mbili. Akabandika tena, na tena, hadi zikawa nane. Alipojaribu kubandika ya tisa, programu ikaandika kwa adabu: “Umefikia kikomo cha traki.”

Chiriku aliyatazama maneno hayo kama mtu aliyepata shahidi.

Akazipa traki zake majina: Ngoma Kubwa, Ngoma Ndogo, Makofi, Njuga, Kayamba, na mengine matatu ya kubuni. Kila moja akaipa rangi yake, skrini ikapendeza kama kamba ya nguo siku ya kufua. Kisha akasikiliza kwa sauti ya chini kabisa, maana Bibi alikuwa amejinyoosha kitandani anapumzika. Tika, tika, pa. Ikamtosha. Akafunga kompyuta, akaenda kuosha vyombo bila kuambiwa.

“Unaumwa?” Bibi aliuliza alipoamka.

“Hapana, Bibi.”

“Basi umevunja nini?”

Ijumaa mchana wanaklabu kumi na wawili walikaa nusu duara katika chumba cha muziki. Mlangoni alisimama mjomba wake Chiriku, kaka wa mama yake, akiwa na nyaya shingoni kama skafu. Mjomba alikuwa fundi wa mitambo ya sauti, mtu wa kufunga spika kwenye mikutano na arusi. Siku hiyo alikuja kuandaa ukumbi kwa ajili ya kikao cha wazazi, na mwalimu akamwomba apite asikilize naye.

“Shikamoo, Mjomba,” Chiriku akasema.

“Marahaba, mjomba. Nasikia leo tunafungua kiwanda.”

Chiriku akafungua kompyuta, akaigeuza ili wote waone. “Traki zote nane zimejaa,” akasema. “Na tazameni hapa, nikiongeza ya tisa, programu yenyewe inakataa. Kwa hiyo mimi naona tuchukue Toleo la Kati.”

Mwalimu alizitazama zile rangi, akatikisa kichwa kukubali. Fomu ya mwenye duka ilikuwa mezani, na kalamu ilishafunguliwa. “Tusikilize kidogo,” akasema, “kisha niandike.”

“Subiri, mwalimu,” Mjomba akasema. “Hako kaspika ka kompyuta kana sauti ya mbu. Tuusikie kwenye spika za watu wazima.” Akaingiza spika zake, akachomeka waya.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Chiriku ilikuwa na urefu wa sekunde kumi na mbili. Tika, tika, pa, mdundo ukalia kwa kishindo, vichwa vikaanza kuyumba, na kwenye sekunde ya kumi na mbili Bibi, ambaye siku ile ya kurekodi alikuwa jikoni akikaanga pilipili, akapiga chafya.

Akazipiga zote nane kwa mpigo mmoja. Vioo vya madirisha vikatetemeka. Besi akaangusha filimbi.

“Afya,” Mjomba akasema kwa upole.

Akasogea, akainama kwenye skrini, akazizima traki zote akabakiza Ngoma Kubwa. Chafya. Akabakiza Njuga peke yake. Chafya. Akabakiza Kayamba. Chafya ile ile, sekunde ile ile, na mwisho wake ule ule wa “eh, mama yangu”.

“Mjomba,” alimwambia Chiriku bila kupandisha sauti, “yule bibi yako ni mama yangu mzazi. Namfahamu vizuri. Ana pua moja.”

Wanaklabu wakacheka hadi wakashikana mabega. Mwalimu hakucheka. Aliweka kalamu chini, akasubiri.

Uongo wa pili ulikuwa tayari. Chiriku angeweza kusema kwamba hiyo ni mbinu, kwamba mafundi wakubwa hunakili traki ili sauti inenepe. Neno “mbinu” lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi. Akamtazama Besi, aliyemuuliza swali moja mara mbili. Akaitazama ile fomu. Watu kumi na wawili walikuwa karibu kukosa maikrofoni kwa sababu yake. Akalimeza lile neno.

“Ni traki moja,” akasema. “Nimeinakili mara saba. Wimbo sijatengeneza. Muda wote nilikuwa nasikiliza matangazo ya Toleo la Kati. Sijui kama hili dogo linatubana, mwalimu. Sijaingia ndani yake nikajua.”

Kicheko kilikwisha chenyewe.

“Nilikuwa naandika kwa neno lako,” mwalimu akasema.

“Najua, mwalimu. Nisamehe.”

“Hilo la ‘sijui’ ndilo jibu la kwanza la kweli ulilonipa. Tuanzie hapo. Majaribio yanaisha Jumatatu, na mwenye duka anasubiri Jumatatu. Nenda ukatengeneze wimbo. Hata usipokuwa mzuri, uwe na mwisho.”

Jumamosi asubuhi Besi alipiga hodi. “Nimeshakunywa maji,” akasema. “Sasa tufanye kazi.”

Walianza upya. Traki ya kwanza wakaweka kifuniko cha sufuria, safari hii jikoni hakukuwa na pilipili. Ya pili wakaweka makofi. Ya tatu Chiriku alipanga kulalamika kwamba hana tarumbeta nzito, lakini Besi akavuma tu kwa mdomo, mmm, mmm, na meza ikatetemeka. Wakatazamana. Mvumo ule ukaingia kwenye traki ya tatu na haukutoka. Ya nne ikawa filimbi.

Jumapili wakaja wanaklabu sita kuimba, na hapo shida ya kweli ikajitokeza. Kompyuta ilisikia kila kitu isipokuwa wao. Ilisikia feni, ilisikia maji ya bomba, ilimsikia jirani akimwita mwanawe aje kula. Wakafunga madirisha. Wakazima feni. Mwishowe wote wakajifunika blanketi moja na kompyuta katikati, wakaimba humo, wakatoka wamelowa jasho kama waliotoka kuoga. Waliposikiliza, zilikuwa sauti za watu walio ndani ya dumu.

“Traki tatu bado ziko tupu,” Besi akasema akijifuta uso. “Nafasi tunayo. Sikio ndilo hatuna.”

Chiriku akasikiliza tena bila kugonga chochote. Kwa Chiriku, hiyo ilikuwa habari.

Jumatatu, mbele ya wenzake wote, wimbo ulilia dakika mbili na nusu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Mjomba, aliyekuja kuchukua spika zake, alisikiliza amefumba macho.

“Sasa niambie,” mwalimu akasema. “Limekubana wapi?”

“Halijatubana, mwalimu. Tumetumia traki tano, tatu zimebaki. Kinachotubana ni kurekodi sauti za watu. Wasikie waimbaji wetu, ni kama wako ndani ya dumu. Naomba tuchukue Toleo Dogo na maikrofoni.”

Mwalimu akachukua kalamu, akaandika.

Mjomba alikuwa anakunja nyaya zake. “Mimi nilipoanza kazi hii,” akasema, “nilinunua mtambo wenye vitufe arobaini. Nilijua kazi ya vinne. Thelathini na sita vilikuwa vya kuwatisha wateja. Kwenye arusi ya kwanza nikagusa nisichokijua, bwana arusi akatoa shukrani dakika kumi nzima bila sauti. Maskini, alidhani watu wamenyamaza kwa heshima.” Akasubiri kicheko kipungue. “Sufuria kubwa haiongezi unga, mjomba. Anza na ndogo, uijaze kwa haki. Siku ikijaa hutahangaika kunishawishi. Nitaiona inamwagika.”

“Na mimi niongeze moja,” mwalimu akasema. “Ukitumwa kupima kitu, lete ulichokiona, usilete unachokitamani. Kuna watu wataamua kwa neno lako. Ulipokubali kwamba hujui, ndipo ulipoanza kutusaidia.”

Mwezi uliofuata, siku ya mahafali, wimbo ulipigwa ukumbini. Waimbaji walikuwa wamerekodiwa upya kwa maikrofoni, na kila neno lilisikika safi kama sahani iliyooshwa. Bibi alikaa mstari wa mbele, karibu na mwanawe fundi. Kabla ya ubeti wa mwisho mdundo ukasimama ghafla, kukawa kimya, na katikati ya kimya hicho ikalia chafya moja, nyepesi, mahali pake hasa. Ukumbi mzima ukacheka, na wimbo ukaendelea. Chiriku alikuwa amemwomba Bibi ruhusa, Bibi akaitoa, kisha akasahau.

“Nani huyo asiye na adabu,” Bibi akamnong’oneza mwanawe, “anapiga chafya katikati ya wimbo wa watoto?”

“Ni wewe, mama.”

Bibi akasikiliza hadi makofi ya mwisho.

“Sasa mbona,” akasema, “wameiweka mara moja tu?”