Mlango Ulioegemezwa Ukutani

Haya yalimkuta rafiki yangu, msimamizi wa nyumba za kupanga, mtu asiye na huruma hata ya dawa. Mpangaji akichelewesha kodi, hagombani naye. Anang'oa mlango na kuondoka nao.

Msimu wa mvua uliopita aliung'oa wa mjane mmoja mwenye mtoto mchanga aliyekuwa akikohoa.

"Kaka, baridi itaniulia mtoto," mjane alimwambia.

"Nimechukua mlango, mama. Blanketi nimekuachia."

Alikuwa akinisimulia jibu hilo huku akicheka.

Wiki haikuisha, mtoto akazikwa. Mjane akahama bila kumwambia mtu neno.

Akapatikana mpangaji mpya, rafiki yangu akaenda stoo kuuchukua ule mlango. Stoo haina dirisha, mchana ni giza totoro. Mlango aliuegemeza mwenyewe, upande wa ndani, wenye komeo, ukigusa ukuta. Alipoushika, akasikia kikohozi kikavu cha mtoto nyuma ya mbao. Akauvuta, haukuja. Akauvuta tena kwa nguvu zake zote.

Ndipo, kule ukutani, akasikia komeo likisukumwa polepole, likafungwa kwa ndani.