Viluwiluwi Kwenye Makombe

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Antonia alimwagilia bustani ya maua mbele ya nyumba yao, huko Mtanda mjini Lindi. Aliibuni mwenyewe: asumini nyuma karibu na ukuta, mawaridi katikati, na mbele vijiua vifupi vya zambarau. Ukingoni alipanga makombe makubwa meupe ya baharini aliyoletewa na mjomba wake kutoka Sudi, yote yakiangalia juu ili yang'ae. Wapita njia walisimama kuitazama, naye akajiona mtu.

Halafu mdogo wake, Erasmo, akaugua. Mwili ulichemka, macho yalimuuma, akawa analia kwa maumivu ya viungo. Kule zahanati walisema si malaria, ni homa ya dengue, inayoletwa na mbu wanaouma mchana.

"Alale ndani ya chandarua hata mchana," muuguzi alimwambia mama yao. "Tena mkague pande zote za nyumba. Mbu hao huzaliana kwenye maji yaliyotuama."

Antonia alikagua upande mmoja tu: kwa jirani yao, mama Batuli. Nyuma ya uzio wa makuti kulikuwa na mapipa ya maji. Mbona yanafunikwa kila saa? Wanaficha nini? Batuli, rafiki yake, alipoleta uji wa mgonjwa, Antonia alipokea bakuli bila kumwangalia usoni. Mama Batuli alipocheka uani kwake, Antonia alihisi anachekwa yeye.

Kesho yake aliwanong'oneza wenzake shuleni, "Kwa kina Batuli ndiko wanakofuga mbu." Mchana ule Batuli alikula peke yake.

Maneno yakazagaa hadi yakamfikia mwenyekiti wa mtaa. Jumamosi akamtuma Bwana Valentini, mhudumu wa afya, akakague mapipa yale.

Asubuhi hiyo Antonia alikuwa akimwagilia huku macho yakiwa kwenye uzio, akingoja kuona jirani akiumbuka. Maji yakamwagikia kwenye kombe, na ndani yake vitu vyembamba vikaanza kurukaruka. Akainama. Viluwiluwi vya mbu! Akatazama kombe la pili, na la tatu. Humo pia vilikuwemo. Kumbe kila siku yeye ndiye aliyekuwa akiwajazia mbu maji!

"Hodi!" Sauti ya Bwana Valentini ilisikika ng'ambo ya uzio.

Kuyamwaga makombe ilikuwa kazi ya dakika chache tu, na hakuna ambaye angejua. Antonia akanyanyua la kwanza. Ndipo akamsikia Batuli akiuliza kwa sauti ya kulia, "Mama, watatufanya nini?"

Akalirudisha kombe chini na maji yake, akakimbia kwa jirani.

Mama Batuli alikuwa amefunua pipa. Maji yalikuwa safi, hata chini kulionekana.

"Shikamooni," Antonia alisema akihema. "Mbu hawatoki hapa. Wako kwetu, kwenye makombe yangu. Na yale maneno ya shuleni niliyaanzisha mimi."

Mama Batuli alimgeukia. "Ni wewe, Antonia? Wewe ninayekuona kama mwanangu?"

"Ni mimi, mama. Nisamehe. Batuli, nisamehe."

Batuli alijifuta machozi. "Jumatatu ukawaambie wote, kama ulivyowaambia yale."

Bwana Valentini akamwonyesha Antonia jinsi ya kumwaga maji, kusugua makombe ndani ili mayai ya mbu yatoke, na kuyafukia nusu yakiwa yamegeuzwa chini. Ukingo ulipendeza vilevile.

Jumatatu Antonia alisimama mbele ya darasa, akasema yote. Jioni alikwenda kwa mama Batuli kumweleza.

"Umefanya vyema," mama Batuli alisema. "Lakini shika hili, mwanangu. Ukitafuta kilicholeta ugonjwa, anza kukagua kwenu. Na usimtuhumu mtu kwa jambo ambalo hujalihakikisha. Homa ya Erasmo imepona kwa kupumzika. Batuli umemuumiza moyo, na huo utapona kwa matendo yako."