Nyuma ya Pikapu Hapakuwa na Mtu

Jioni ile nilikwenda gereji kuchukua pikapu yangu na kumaliza ubishi na fundi.

Ubishi wenyewe ulikuwa wa matairi. Pikapu ni kuukuu, niliachiwa na marehemu baba, na siku zote nabebea vitanda na makabati ya maseremala. Fundi alikuwa ameifungia springi mpya za nyuma, nene, pamoja na shokapu ndefu, ikainuka vizuri. Hapo hatukugombana. Ila matairi yeye alitaka ya wastani, mimi nikataka makubwa kuliko yote aliyokuwa nayo.

"Dada, nimeshakwambia," alisema akijifuta grisi. "Gari likiwa tupu, sawa. Likilemewa linashuka, matairi yanagusa madigadi. Yatakula bodi. Niruhusu nikate kidogo."

"Bodi ya baba yangu haikatwi. Na leo sibebi mzigo, nambeba mama."

"Haya, Kichwa Ngumu."

"Jina zuri hilo. Kaza nati."

Mama aliishi peke yake katika nyumba ya ukoo, ng'ambo ya korongo la mawe, miguu imevimba hata uani hafiki. Nilishajaribu kumtoa zaidi ya mara moja. Kila mara, tukiwa naye garini, difu, lile bonge la chuma chini ya gari, ilikalia mwamba uleule katikati ya korongo na magurudumu yakazunguka bure, mpaka majirani waje wambebe wamrudishe. Wakaanza kunong'ona. Mama amefungwa kwa dawa, walisema, na aliyemfunga ni kaka yake. Mjomba naye hakukanusha. "Dada yangu hatoki pale," aliniambia bila kunitazama. "Usihangaike."

Kuniambia mimi nisihangaike ni kutia petroli kwenye moto.

Safari hii nilivuka korongo naimba. Mwamba haukugusa hata nati. Jua lilikuwa limezama nilipozima gari mlangoni kwa mama, na kitu cha kwanza kilichonipokea kilikuwa harufu ya udongo mbichi, kama wa shimo lililochimbwa sasa hivi. Mvua haikuwa imenyesha kwa muda mrefu.

Mama alikuwa amekaa kitandani, hana taa.

"Shikamoo, mama. Twende."

"Marahaba. Siendi."

"Leo sikuombi ruhusa."

Nikampa mgongo, nikamvuta mikono, nikamweleka kama alivyonieleka mimi. Alikuwa mwepesi mno. Niliona uchungu, kisha hasira.

"Niache, mwanangu," akaninong'oneza shingoni. "Niache nikae nacho."

Sikuuliza "nacho" nini. Nilimkalisha kiti cha mbele, nikamfunga mkanda. Nilipozunguka upande wangu, Mjomba, anayekaa jirani, alikuwa amesimama njiani.

"Mlango wa nyumba umeufunga?" akauliza.

"Nifunge ya nini? Hakuna kitu ndani."

Mjomba akatazama nyuma yangu... Akaziba mdomo kwa kiganja. Halafu mtu mzima yule, na mvi zake zote, akatimua mbio.

Nikapanda. Nikawasha gari.

Pikapu ikashuka.

Taratibu. Upande wa nyuma. Kama kitanda kinavyoshuka mtu mnene anapokaa. Nikaangalia kwenye kioo. Nyuma ya pikapu hapakuwa na mtu. Nikaondoa gari.

Krrr... krrr... krrr...

Matairi yalikuwa yanasaga madigadi. Harufu ya mpira unaoungua ikaingia, na chini yake ile ya udongo mbichi.

"Mama... unasikia?"

"Usigeuke. Kimepanda."

Niliogopa, sitadanganya. Jasho lilinitoka mpaka usukani ukateleza. Tuliteremka korongoni hivyo hivyo, gari limeinua pua, na taa zikimulika vilele vya miti badala ya njia. Mwamba ukawa mbele yetu. Kwa jinsi gari lilivyoshuka, difu ingeukalia tena, na mama angerudishwa tena. Hapo woga ukanitoka, nikapandwa na hasira.

Nikasimamisha gari. Mama akanishika mkono, nikajinasua. Nikashuka nikafungua mlango wa nyuma kwa kishindo.

Patupu. Bati tu.

Lakini kulikuwa na pumzi. Nzito. Ya taratibu.

"Shuka!" nikasema.

Springi zikalia. Uzito ukahama. Haukuja kwangu. Ulisogea mbele, bati likibonyea hatua kwa hatua, hadi kwenye kile kioo kidogo nyuma ya kisogo cha mama.

"Hushuki? Basi kaa!" Nikapiga bati kwa kiganja. "Kaa, ushikilie vizuri. Gari hili linabeba makabati ya watu kutwa, litakushindwa wewe? Mama yangu anatoka leo, na wewe ukiwa juu!"

Nikarudi kwenye usukani, nikatia gia ya kwanza, nikakanyaga mafuta. Matairi yakauma madigadi. Chuma kikapiga kelele, kikapinda, kikachanika. Nikaendelea. Kipande kizima cha bodi ya baba kikang'oka kikabaki kwenye mawe, na matairi yakapata nafasi ya kuzunguka. Difu ikaukwaruza mwamba... ikakwama... ikapita!

Nilipiga kigelegele peke yangu mle garini. Mama alikuwa analia.

Nyumbani nilimlaza kitandani kwangu, ndipo aliponiambia. Mjomba hakumfunga. Kitu kile kilikuwa cha baba yao. Alipokufa hakikuondoka, kikataka kukaa na mmoja wa watoto wake. Mjomba wakati ule alikuwa na watoto wachanga.

"Nikamwambia nitakaa mimi," mama alisema. "Wewe ulikuwa umeshakua, una kwako. Nilitaka kisikujue."

"Miaka yote hii, mama? Peke yako?"

Ni nini hasa, kinataka nini, hata yeye hajui. Mngetegemea nijute. Sikujuta. Nilichosikia ni kwamba mama yangu amelala na kitu kile mle gizani mwaka baada ya mwaka kwa ajili yangu, na hilo limekwisha.

Nje, springi zikalia. Nikachungulia dirishani. Pikapu ilikuwa imeinuka, imesimama sawasawa juu ya matairi yake makubwa.

Kimeshuka.

Harufu ya udongo ikapita chini ya mlango. Mama akajikunja ukutani, akaanza kusogea kukiachia nafasi pembeni yake, kama mtu aliyezoea. Kitendo kile kiliniuma kuliko yote ya siku ile.

Nikavuta kiti nikakiweka kati ya kitanda na mlango. Nikakaa.

"Kwa mama hufiki," nikasema. "Mimi niko hapa."

Harufu ikasogea, ikanijia.

Kisha miguu ya kiti ikalia. Mapaja yakanibonyea. Kitu baridi, kizito, kikaegemea kifua changu na kuanza kupumua.

"Mwanangu?" mama akanong'ona. "Kiko wapi?"

Nikakizungushia mikono, nikakibana kisiinuke.

"Lala, mama. Nimekipakata."