Mchele Uliovutwa na Rupia

Kila asubuhi Modesta alibandika chai, kisha akapanda shambani na jembe begani. Shamba liko Mgeta, kwenye mteremko mkali wa milima ya Uluguru. Limekatwa ngazi ngazi. Ngazi ya juu ilikuwa na kabichi, ya kati karoti, ya chini njegere. Mama yake Modesta ndiye aliyezichimba ngazi hizo kwa mkono. Kila ukingo aliupanda majani ili yashike udongo. Huku mlimani udongo ndio mali. Ukiondoka, hakuna duka linalouza mwingine.

Shamba lilikuwa la ukoo. Kwa Waluguru ardhi hupita upande wa mama. Dominiko, mume wa Modesta, alilima hapo tangu alipooa, lakini hakuna aliyewahi kusema "shamba la Dominiko". Jambo hilo lilimuuma. Hakumwambia mtu. Alilimeza kila siku pamoja na ugali.

Siku moja jembe lake liligonga kitu kwenye ngazi ya juu. Ilikuwa rupia ya fedha, sarafu ya enzi za Mjerumani. Dominiko aliiosha, akaenda kuionyesha kilabuni. Habari ya kilabuni haina breki. Haikupita wiki, mgeni mwenye viatu vinavyong'aa akabisha hodi.

"Naitwa Injinia Geofrey," alisema. "Nanunua vyuma vya kwantamu."

"Kwanta nini?" Modesta aliuliza.

"Kwantamu, mama. Sayansi mpya hiyo. Wazungu wanatengeneza kompyuta kali kuliko zote, na rupia za zamani zina nguvu wanayoitafuta."

Akatoa simu, akawaonyesha video. Kidude cheusi kilikuwa kwenye sahani, kinafuka moshi mweupe. Juu yake sumaku ndogo ilielea hewani bila kushikwa na kitu. Kisha Geofrey akafungua bahasha.

"Huu ni mchele wa maabara," alisema. Akaishika rupia kwa vidole, akaiinamisha juu ya mchele. Punje zikaruka, zikaing'ang'ania.

"Yesu na Maria!" Dominiko alisema.

"Umeona? Lakini moja haitoshi. Mjerumani hakuzika moja moja. Nyingine zimo humo humo shambani. Chimba. Mimi nashughulikia kibali."

Siku hiyo hiyo nguruwe wa Modesta waliuzwa kulipia "kibali". Injinia akaondoka na pesa, Dominiko akabaki na jembe. Tapeli huyo alikuwa na akili: mtu anayechimba hana muda wa kufikiri.

Modesta alimpigia simu mdogo wake, Wilfred, anayefundisha fizikia sekondari huko mjini Morogoro na kuishi Mwembesongo. Akaweka sauti kubwa ili mumewe asikie.

Wilfred alicheka. Alicheka sana.

"Shemeji, hata wewe? Rupia inavuta mchele? Huo ni ujinga wa mchana kweupe! Usichimbe, nakuja Jumamosi."

Dominiko alikata simu.

"Umesikia anavyonicheka? Anakuja kuichukua. Siku zote ni shamba lenu, udongo wenu, ukoo wenu. Mungu amenipa kitu kimoja changu, nacho mnakitaka!"

"Baba Lucy, nakuomba. Ukingo wa juu ndio unaozibeba ngazi zote. Mvua iko karibu."

"Nitafukia."

Hakufukia. Alitaka kuzipata rupia kabla shemeji hajafika. Aling'oa majani ya ukingo, akatoboa ngazi ya juu kama fuko. Alipata mawe na kigae cha chungu.

Jumamosi Wilfred alipanda mlima, akayaona mashimo. Kicheko kilimwisha.

"Shikamoo, shemeji."

Dominiko hakuitika. Modesta akaleta kisosi chenye punje chache.

"Zilidondoka siku ile," alisema. "Nilizifagia. Zina uchafu wa kijivu, nikashindwa kuzipika."

Wilfred alizitazama kwa makini. "Dada, lete na mchele wako. Shemeji, mimi sigusi kitu. Jaribu mwenyewe."

Dominiko akaisogeza rupia kwenye mchele wa mkewe. Kimya. Akaisogeza kwenye punje za Geofrey. Kimya vilevile. Akaisugua kwenye suruali, akajaribu tena. Hata punje moja haikutikisika.

Wilfred akaomba redio mbovu. Akamwonyesha Dominiko jinsi ya kutoa sumaku ya spika. Dominiko aliposogeza sumaku ile, punje za Geofrey ziliruka. Mchele wa Modesta ulilala pale pale.

"Hizi zimepakwa gundi na unga wa chuma," Wilfred alisema. "Siku ile alificha sumaku kati ya vidole, nyuma ya rupia."

Dominiko alikaa chini. "Na ile video? Sumaku ilielea. Niliiona kwa macho yangu."

"Video ni ya kweli, shemeji. Maneno yake ndiyo ya uongo. Kile kidude cheusi kimetengenezwa na watu. Wamechanganya madini safi, wakayachoma kwenye tanuru. Moshi ule unatokana na ubaridi mkali mno. Kikipozwa hivyo, kinapitisha umeme bila kupoteza hata kidogo, na kinaisukuma sumaku ielee. Kikipata joto, sumaku inaanguka."

"Kwa hiyo kwantamu ipo?"

"Ipo. Ni sheria za vitu vidogo kabisa vilivyomo ndani ya kila kitu. Ndani ya chuma kuna elektroni, na kila moja ni kama kisumaku. Kwenye chuma, nyingi zinaweza kugeukia upande mmoja, ndiyo maana chuma huvutwa. Kwenye fedha hazijipangi hivyo. Watafiti wanasoma jinsi elektroni zinavyojipanga pamoja. Wanatafuta kitu kitakachopitisha umeme bila hasara, bila kupozwa. Mwaka 2023 kundi moja lilitangaza kuwa limekipata. Wenzao duniani wakatengeneza kitu kile kile, wakapima. Haikuwa kweli."

"Wakafungwa?"

"Hapana. Walieleza wazi walivyokitengeneza, ndiyo maana kosa likaonekana. Sayansi inakwambia: jaribu na wewe. Geofrey alikuruhusu ujaribu kwa mchele wako?"

Dominiko alitikisa kichwa. Alipiga namba ya Injinia. Haikupatikana, na mpaka leo haipatikani.

Kesho yake, watu wakiwa kanisani, mvua ilishuka. Walipotoka, ngazi ya juu haikuwepo. Ilikuwa imelala juu ya karoti, na karoti zimelala juu ya njegere. Mto ulikuwa mwekundu. Modesta alisimama kwenye matope.

"Nilikucheka," Wilfred alimwambia Dominiko. "Ningekueleza kwenye simu kama nilivyokueleza jana, ungesubiri?"

Dominiko alifikiri. "Labda," alisema.

Neno hilo Wilfred hajalisahau. Elimu ikija na dharau, mwenye njaa ya heshima hawezi kuimeza.

Wiki ile Dominiko alikubali jambo gumu. Alirekodi sauti yake kwenye simu ya Wilfred: "Jina langu Dominiko, mkulima wa Mgeta. Nimetapeliwa, na shamba limekwenda na maji. Akija mtu na kitu cha ajabu, mwambie atumie mchele wako, na ushike mwenyewe. Akikataa, mfukuze." Kilabuni walimcheka mpaka wakachoka. Lakini sauti ilisambaa kutoka simu hadi simu.

Ikafika Turiani, kwa Halidi, mkulima wa mpunga. Geofrey alipofika kwake na bahasha, Halidi alimfungulia gunia zima.

"Mchele tunao, Injinia. Chota, utumie huu wetu."

Injinia alisema anakwenda kuchukua kifaa kwenye gari. Hakurudi. Halidi alimpigia Wilfred kushukuru, kwa namba iliyosambaa pamoja na sauti ile, na Wilfred akamfikishia Dominiko salamu hizo.

Dominiko alifurahi kidogo. Alikuwa anajenga ukingo upya kwa mawe, kwenye ardhi iliyobaki ngumu kama sakafu. Modesta alikuwa anapanda majani nyuma yake.

"Mama Lucy," alisema bila kugeuka, "bado hujanisamehe?"

"Nimekusamehe siku nyingi," Modesta alijibu. "Udongo ndio haujarudi."