Nakala ya Mchapaji wa Nukta Nundu

Kila asubuhi nyumba ile iliamka kwa kelele. Mashine ya kuchapa nukta nundu ilipiga karatasi ta-ta-ta-ta, vikombe vikatetemeka kabatini, na mwenye mashine akatabasamu. Watu walimwita Mchapaji. Hakuwa na macho ya kuona tangu utotoni. Vidole vyake ndivyo vilivyosoma, na kazi yake ilikuwa kuwachapia vitabu wanafunzi wasioona.

Mkewe alikaa upande wa pili wa meza. Yeye alichukua vitabu vya kawaida na kuviandika kwenye kompyuta. Mchapaji aliyageuza maneno kuwa nukta, akachapa, kisha akapitisha kidole kutafuta makosa.

"Mstari wa nne umeruka pembe moja," alisema asubuhi hiyo.

"Hizo pembetatu zilinishinda tangu shuleni," mkewe akajibu. "Sikujua zitanifuata mpaka kwa mume."

Kitabu kilikuwa cha hesabu za maumbo. Walikuwa wamekihangaikia mwaka mzima, maana kila duara na kila pembetatu ilibidi ichorwe kwa nukta, moja baada ya nyingine. Sasa walikuwa wanakagua kurasa za mwisho. Mtihani ulikaribia, na watoto wa shule ya wasioona hawakuwa na kitabu kingine cha kusomea.

Mashine ilipotulia, Mchapaji akainua kichwa.

"Sikiliza."

"Nisikilize nini? Mashine imenyamaza, nashukuru."

"Ndani ya kompyuta. Kuna kitu kinagonga. Kinagonga, kinanyamaza, kama mtu anayemeza mate kabla ya kusema uongo."

Mkewe alitega sikio, hakusikia kitu. Lakini kabla ya mchana kompyuta ilianza kuwa nzito. Ile sauti yake, inayomsomea Mchapaji kila kilichoandikwa kwenye kioo, ikawa inakatika katikati ya neno.

"Si una nakala?" mkewe akauliza.

"Ninayo. Kila jioni nanakili vitabu vyote na kuviweka kule kwenye diski D. Akiba haiozi, mama."

"Haya, kama ipo ipo. Lakini ngoja nimwite shoga yangu."

Shoga huyo alikaa ghorofa ya juu. Kazi yake ilikuwa kutunza kompyuta za maktaba. Alishuka na kompyuta yake ya mkononi, akainamia ile ya Mchapaji, akasikiliza. Hapo hapo akaizima.

"Shemeji, diski yako inaumwa," alisema. "Kadiri inavyozunguka, ndivyo inavyojimaliza."

"Sina wasiwasi. Nina nakala kwenye D."

Jirani alichomoa waya wa umeme, akafungua ubavu wa kompyuta, akamshika Mchapaji mkono na kuuingiza ndani.

"Hicho kipande bapa ndicho diski. Vitabu vyako vyote vimo humo. Sasa nitafutie diski ya pili, hiyo D."

Mchapaji alipapasa. Aligusa feni, akagusa nyaya, akagusa vumbi. Alirudi mwanzo akapapasa tena, taratibu, kama anavyotafuta kosa kwenye ukurasa. Hakukuwa na kitu cha pili.

"Hakuna," alisema.

"Hakuna. D ni rafu tu. Kabati ni moja, lina rafu mbili. Ulikuwa unatoa nguo rafu ya juu na kuweka nyingine rafu ya chini. Kabati likiungua, je?"

Mkewe alikaa chini. Mwaka mzima wa pembetatu ulimpita kichwani. Mchapaji hakuwaza kazi yake. Aliwaza watoto wakikaa kwenye mtihani bila kuwahi kugusa duara.

"Tufanye nini, shemeji?"

"Nyumba ikishika moto, unatoa mtoto kwanza, vitanda baadaye."

Aliitoa ile diski, akaiunga kwa waya kwenye kompyuta yake. Wakaanza kunakili kitabu cha maumbo peke yake kwenye flashi. Katikati, kazi ikasimama. Diski iligonga, ikagonga. Kisha ikaendelea, na kitabu kikafika.

Mchapaji alipumua. "Alhamdulillahi."

"Bado," jirani akasema, akichomoa diski ili ipumzike. "Sasa tunahitaji diski mpya, isiyo ndogo kuliko hii. Na programu ya kunakili diski nzima, pamoja na mfumo unaoiwasha kompyuta. Hiyo tuichague kwa akili."

Mkewe alikwenda kununua diski. Mchapaji akakumbuka programu aliyosikia ikisifiwa, ya bure, ipo mtandaoni.

"Ipo wapi mtandaoni?" jirani akauliza. "Tutaichukua kwa walioitengeneza, si kwa mpita njia. Wapo wanaokupa programu na mwizi ndani yake."

Waliipata kwa wenyewe, wakaifungua na kuwasha sauti. Sauti ikasoma: "Kitufe. Kitufe. Picha. Kitufe."

"Mbona inanisomea vifungo vya shati?" Mchapaji akasema.

Mkewe alikuwa amesharudi. "Mimi nina macho, nitakusomea."

"Leo utanisomea. Na siku umekwenda kwenu?"

"Siku hiyo utanikumbuka."

"Nitakukumbuka, lakini kazi haitakwenda kwa kukukumbuka."

"Ana haki," jirani akasema. "Programu nzuri ni ile ambayo mwenye kazi anaweza kuitumia mwenyewe. Hii ni nzuri kwa mwingine. Tuendelee."

Ya pili ilisomeka vizuri. Ila diski iliziita "diski ya kwanza" na "diski ya pili", basi. Jirani akatikisa kichwa, kisha akakumbuka kusema kwa mdomo.

"Hapana. Hapa ndipo watu hulia, shemeji. Programu hizi zinauliza: nakili kutoka wapi, kwenda wapi? Ukigeuza njia, diski tupu inamwaga utupu wake juu ya vitabu vyako. Lazima ikutajie jina na ukubwa wa kila diski. Halafu nimesoma maelezo yake. Ikikuta pabovu kwenye diski, inasimama na kukata tamaa. Sisi tuna diski mgonjwa, tunataka inayoruka pabovu na kutuambia ni wapi imeruka."

Ya tatu haikuwa na urembo wowote. Lakini ilitaja majina. Ilitaja ukubwa. Iliahidi kuruka pabovu, na kulinganisha nakala na asili ikimaliza. Wakaunga diski zote mbili, na ile mpya wakaipa jina, MPYA TUPU, hata mlevi asingekosea. Mchapaji mwenyewe akasikiliza: kutoka ya zamani, kwenda MPYA TUPU. Akairudia. Akabonyeza.

Walikunywa chai, wakasubiri. Programu ilipomaliza, ilisema sehemu chache hazikusomeka. Wakaangalia ni zipi. Zilikuwa kwenye nyimbo za zamani za mkewe.

"Nitaimba mwenyewe," mkewe akasema.

"Heri zingesomeka," Mchapaji akajibu, akapigwa kibao cha bega.

Diski mpya ikaingia ndani ya kompyuta. Ikawaka. Mchapaji alitaka kushangilia, jirani akamzuia.

"Nakala ambayo hujaifungua ni matumaini tu. Chapa ukurasa."

Mashine ikapiga ta-ta-ta-ta. Mchapaji akapitisha kidole. Pembetatu ilikuwa na pembe zake tatu.

"Imekamilika," alisema, na hakuficha machozi yake. "Shemeji, nikushukuru vipi?"

"Kwa kusikiliza jambo moja la mwisho. Leo tumehamisha nyumba nzima. Lakini nakala ya leo haijui utakachoandika kesho. Na ukifuta kitabu kwa bahati mbaya kisha ukanakili diski juu ya nakala, umefuta pote. Kwa hiyo programu hii hii utaiagiza kila wiki itunze yaliyobadilika, bila kutupa ya wiki zilizopita. Iweke kwenye diski ya nje. Na diski hiyo isilale nyumba hii."

"Ilale wapi?"

"Kwangu. Kabati la sukari lina nafasi."

Kitabu kilichapwa kikaisha. Mwalimu alikuja na gari, akabeba maboksi mpaka magurudumu yakabonyea. Baadaye alirudi kuwaambia kwamba watoto walikuwa wakigombania ukurasa wa duara. Mkewe aliyezichukia pembetatu alisikia hayo akalazimika kwenda jikoni kuosha uso.

Tangu hapo Mchapaji ana kawaida yake. Ijumaa, diski ya nje ikishashushwa kutoka kwa jirani, anafungua programu, anasikiliza majina ya diski, anatunza kazi ya wiki. Kisha anafungua kitabu kimoja kutoka kwenye nakala, chochote kile, kuona kama kinafunguka. Akiridhika, anafunga diski kwenye kitambaa na kupanda ngazi, mkono mmoja kwenye ukuta.

Anabisha hodi.

"Nani?" jirani anauliza.

"Ni mimi, na vitabu vyote vya watoto."

"Karibuni," anasema jirani, akifungua mlango wazi kabisa. "Mko wengi leo."