Leokadia na Bibi Kizee wa Virginia

Kila asubuhi hapa Northland, ughaibuni, mimi hushuka na nguo za wajukuu kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu. Kila asubuhi nilikuwa nikimkuta Leokadia, binti aliyekaa kwa Mama Nestori, jirani yetu wa ghorofa ya juu. Alifua nguo za nyumba nzima.

"Kitendawili!" nilimtania siku moja.

"Tega, bibi."

"Hunifunga bila kamba."

Kabla hajajibu, juu ya ngazi kulisikika hatua. Alijiziba mdomo kwa shati lililolowa mpaka zikapita.

"Bibi," akanong'ona, "Jumamosi Mama Nestori ananipeleka mji wa Buffalo kwa dada yake. Kule simjui mtu."

"Kataa."

"Pasipoti anayo yeye. Nilimkabidhi mwenyewe nilipofika, kama mgeni anavyomkabidhi mwenyeji mzigo. Mshahara hanipi. Anasema nikitoroka polisi watanifunga. Nilimpigia mama, akasema, 'Vumilia, huyo ni shangazi yako.'"

Mama Nestori tunasali naye. Mwanangu huenda kazini kwa gari la mama huyo. Nikisema, itakuwaje?

Mara akaingia jirani yetu Eliakunda, mkalimani wa mahakamani. Leokadia alitaka kukimbia. Nikamshika mkono.

"Huyu mwambie, mwanangu."

Eliakunda alisikiliza mpaka mwisho. "Mdogo wangu, huo si undugu. Sheria ya hapa inakataza kumshikia mtu pasipoti na kumfanyisha kazi kwa vitisho. Hata shangazi haruhusiwi."

"Nani atanisikiliza mimi?"

"Zamani, kule Virginia, alikuwepo Elizabeth Key. Mama yake alikuwa Mwafrika mtumwa, baba yake Mwingereza. Mabwana walimshikilia utumwani kupita miaka ya utumishi ambayo baba yake alipatana nao. Akaenda mahakamani. Akashinda, hukumu ikatenguliwa, akarudi tena. Mwaka 1656 akapata uhuru wake."

"Nani alimtolea ushahidi?" nikauliza.

"Mmoja wao alikuwa bibi kizee wa miaka themanini hivi."

"Hakuogopa?"

"Hilo halikuandikwa, bibi."

Tulipanda kwangu, tukafunga mlango. Eliakunda akapiga namba ya bure ya kuwasaidia watu wanaofanyishwa kazi kwa nguvu: 1-888-373-7888. Akaomba mkalimani wa Kiswahili, akafungua spika, akampa Leokadia simu.

Mlango ukagongwa. "Bibi! Msichana wangu yumo humo?" Mama Nestori akaita.

Leokadia akajikunja chini ya meza. Hatukufungua. Eliakunda akachukua simu yake mwenyewe, akapiga 911, namba ya polisi.

Ile sauti ya msaada kwenye spika ikauliza, "Kuna mtu mwingine aliyeona?"

Nikaisogelea simu. "Mimi," nikasema. "Andika jina langu."

Polisi walifika. Hawakumfunga Leokadia. Walimpeleka mahali salama, na baadaye pasipoti ikarudi mkononi mwake.

Mama Nestori hanisalimii tena. Mwanangu sasa hupanda basi la Morse Road, na hunung'unika kukiwa na theluji.

Leokadia sasa yuko mji mwingine, Louisville. Anafanya kazi Jeffersontown, huko huko, na mshahara ni wake. Juzi alinipigia.

"Bibi, kile kitendawili kilinishinda."

"Basi nipe mji."

Akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. "Chukua Buffalo!"

Nikauchukua. "Jibu lake," nikamwambia, "ni woga."